Tormod Gillanders: fundi uzio aliyechoshwa na gogo alilolikata mwenyewe

Saa kumi na moja alfajiri. Mwanga umeshaingia bonde la Glenfarnach ingawa jua lenyewe bado liko nyuma ya kilima. Tormod Gillanders anatembea ubavuni mwa gogo la msonobari lenye urefu wa futi ishirini na moja, mkononi ana taulo kuukuu. Analifuta umande.

Anafuta kuanzia ncha nyembamba mpaka ncha nene, halafu anarudi kwa upande wa pili. Usubi umemzonga kichwani kama moshi. Haupungi kwa mkono. Anasema ukianza kuupunga utapunga mpaka Oktoba.

"Umande una uzito," anasema bila kugeuka. "Kilo moja, kilo mbili. Leo mtu anyanyue mti tu, si mti na maji yake."

Ni Jumamosi ya pili ya Agosti, siku ya michezo ya bonde. Saa nane mchana wanaume wanne watajaribu kulirusha gogo hili lipinduke hewani: ncha nene itue kwanza, kisha ncha nyembamba inyanyuke, ivuke juu na kuangukia mbele, mbali na mrushaji. Hakuna aliyewahi kulipindua. Huu ni mwaka wa nne.

Miaka mitatu kamati imeliacha lilivyo, lakini mwaka huu imesema basi. Asipopatikana wa kulipindua, litakatwa.

Ndiyo desturi yenyewe. Gogo lisilopinduliwa hukatwa inchi sita upande mnene, watu wakajaribu tena. Likikataa, hukatwa tena, mpaka apatikane wa kuliweza. Lakini likishapinduka, hata mara moja, hakuna msumeno utakaoligusa tena. Litabaki na urefu huo mpaka liishe lenyewe.

Anayeshika msumeno ni mtunza gogo. Kwa miaka kumi na tisa mtunza gogo wa Glenfarnach amekuwa Tormod. Na yeye ni mmoja wa wale wanne watakaolirusha.

"Nikishindwa, nakata," anasema. "Hakuna wa kumtuma."

Tormod ana umri wa miaka 54. Kazi yake ni kujenga uzio wa kondoo na kuchimba mitaro ya kutoa maji mashambani. Hulipwa kwa mita. Siku ya ukavu anaweza kupata paundi mia moja na thelathini, na akitoa mafuta ya gari na misumari hubaki na tisini hivi. Siku ya mvua haina malipo, na Glenfarnach ina siku nyingi za mvua.

Ndiyo maana hata leo, siku ya michezo, saa kumi na mbili asubuhi yuko shamba la jirani anashindilia nguzo. Kondoo wanahamishwa Jumatatu na upande mmoja wa shamba bado uko wazi. Zimebaki nguzo kumi na nane.

Anainua nyundo, anaishusha. Kila baada ya nguzo tatu anasimama, mkono kiunoni, anatazama kilima kana kwamba kuna mtu anayemngoja huko. Goti la kushoto limefungwa bandeji juu ya suruali.

"Goti hili lilianza kuniuma mwaka ule binti yetu alipoolewa," anasema. "Sasa ana watoto wawili. Goti nalo bado halijaondoka nyumbani."

Akimaliza nguzo ya mwisho anaitikisa kwa mikono miwili, anaikagua kwa jicho moja, halafu anapanda gari lake la pikapu polepole, mguu mzuri ukitangulia.

Nyumbani mkewe, Peigi, amempikia uji wa oti wenye chumvi na kumkaangia soseji ya damu. Peigi ni mpishi wa shule ya bondeni. Wameoana miaka thelathini na moja. Anamtazama mumewe akila akiwa amesimama, kiti kiko pembeni.

"Kaa," anamwambia.

"Nikikaa sitainuka."

"Basi kula upesi uwahi kwenda kuanguka."

Tormod anacheka kwa pua. Anaomba chumvi zaidi. Peigi anaisogeza.

"Msumeno umeuchukua?" anauliza Peigi.

"Nimesahau."

"Hujasahau. Nimeuweka mimi nyuma ya gari, chini ya turubai. Nimeupaka na mafuta."

Tormod anakwangua bakuli, analisuuza, analiweka kichwa chini kwenye beseni. Akishatoka kwenda kuvaa, Peigi anasema kwa sauti ya chini kwamba miaka minne hii mumewe hajafurahia michezo hata kidogo. Zamani alikuwa akirudi amechoka akiimba. Sasa hurudi amechoka tu.

"Alilikata kubwa mno," anasema. "Nilimwambia siku ile ile. Nilimwambia, Tormod, huo ni mlingoti wa meli. Akaniambia mtu atapatikana."

Ili kuelewa kwa nini alilikata kubwa, lazima kurudi kwenye gogo lililotangulia.

Gogo la zamani la Glenfarnach lilikuwa na futi kumi na tisa na inchi tisa. Aliyelipindua kwa mara ya kwanza alikuwa baba yake Tormod, mchungaji wa kondoo aliyeitwa Ailean Gillanders, mwaka 1968, akiwa amevaa viatu vya kazi kwa sababu hakuwa na vingine. Tangu siku hiyo halikukatwa tena. Kwa zaidi ya miaka arobaini warushaji walikuja kutoka mabonde mengine kujipima nalo. Miaka mizuri walikuwa kumi na mmoja au kumi na wawili.

Lilikuwa likilazwa ukutani mwa kanisa, upande usiopigwa na upepo, juu ya panda tatu za mti, ili lisiguse ardhi. Kazi ya mtunza gogo ni hiyo hasa. Baada ya michezo unatafuta watu, mnalibeba, mnalilaza juu ya panda. Gogo likilala chini hunyonya maji, na likinyonya maji moyo wake huoza huku ganda la nje likiendelea kung'aa.

Siku moja, miaka minne iliyopita, mrushaji kutoka visiwa vya Orkney alilinyanyua gogo lile, akakimbia nalo, akalirusha vizuri. Lilipotua lilivunjika vipande viwili mbele ya watu wote. Mtu huyo aliitwa Sigurd Linklater, mchonga mawe machimboni, mkubwa wa mwili na mpole. Waliokuwepo wanasema alisimama pale kilti yake, ile sketi ya wanaume ya huku, ikitikiswa na upepo, akatazama vile vipande viwili, halafu akaenda kwa kila mwanakamati mmoja mmoja kuomba radhi. Hakurudi tena Glenfarnach.

Baridi iliyofuata Tormod alipanda msituni peke yake, akachagua mti, akaukata. Futi ishirini na moja. Kilo sabini na tatu ukikauka.

Akiulizwa kwa nini futi ishirini na moja, jibu lake asubuhi hii ni fupi.

"Nilitaka kurudisha kitu kisichokuwa pungufu."

Saa saba mchana uwanja umejaa kadiri unavyoweza kujaa. Manyunyu yamekuja yakaondoka. Mpiga zumari ya mfuko anapita pembeni mwa jukwaa la watoto wanaocheza ngoma, na mbwa mmoja wa kuchunga kondoo amejitwika jukumu la kumfuata. Mbio za kubeba yai kwenye kijiko zimevurugika kwa sababu mshindi amegundulika alichemsha yai lake.

Wanaume wanne wamejiandikisha. Mmoja ni zimamoto kutoka mjini. Mwingine ni mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa baiskeli. Wa tatu ni Struan Geddes, umri miaka 27, mwezeka mapaa ya vigae, kijana wa hapa hapa bondeni. Wa nne ni Tormod.

Struan amekaa juu ya pipa la maji anajifunga kiatu. Anamwona Tormod akija akichechemea.

"Shikamoo, mzee wangu. Goti limeamkaje?"

"Limeamka kabla yangu. Limenichemshia chai."

"Nimesikia kamati wamekuwekea kiti cha magurudumu pale kwenye mstari."

"Wamekuwekea wewe machela. Mimi ndiye niliyeibeba."

Struan anacheka, kisha anaacha kucheka. Anatazama gogo lililolala nyasini.

"Kwa kweli, mzee," anasema, "linatia uvivu kuliangalia."

"Basi usiliangalie. Libebe."

Mwamuzi ni Dugald Rennie, fundi seremala mstaafu. Kazi yake ni kumfuata mrushaji kwa nyuma, kwa sababu katika mchezo huu haipimwi gogo limefika umbali gani. Kinachopimwa ni kama limepinduka, na limelala limenyooka kiasi gani. Mtu akisimama katikati ya uso wa saa, gogo lililoanguka mbele yake moja kwa moja, kama mkono wa saa unaoonyesha saa sita, ndilo lisilo na dosari.

Saa nane na robo zamu zinaanza. Kila mtu ana nafasi tatu.

Wasaidizi wawili wanalisimamisha gogo, ncha nyembamba chini. Tormod anachuchumaa. Anaunganisha vidole chini ya ncha ile, mti ukiwa umeegemea bega lake, na kwa muda hafanyi lolote. Halafu anainuka nalo. Ukimtazama usoni huoni hasira wala furaha. Unaona mtu anayebeba kitu kizito, kama alivyobeba vitu vizito tangu akiwa na miaka kumi na minne.

Anachukua hatua saba, anasimama ghafla, anasukuma mikono juu. Gogo linaruka kidogo, ncha nene inapiga chini, na mwili mzima wa mti unarudi kuanguka upande wa kulia kwake.

"Halijapinduka," anasema Dugald.

Zimamoto anashindwa. Mwanafunzi anashindwa kabla ya kupiga hatua ya pili, na watu wanampigia makofi kwa kuwa ameliruka lilipokuwa likimwangukia. Struan analipandisha mpaka robo tatu, linamrudia.

Raundi ya pili, Tormod anapaka utomvu viganjani. Safari hii anakimbia zaidi. Akisimama, mguu wa kushoto unayumba, lakini mikono inakwenda juu yote, mpaka vidole vyake vinafunguka. Ncha nene inatua. Ncha nyembamba inapanda, inapanda, halafu gogo lote linasimama wima.

Zumari inakatika katikati ya wimbo. Gogo limesimama kwa kichwa chake kama nguzo ya uzio iliyoshindiliwa, halijui liende wapi.

Kisha linaegemea nyuma, kuelekea kwa mwenyewe. Tormod anajitupa pembeni. Linaanguka pale alipokuwa amesimama.

Anabaki amekaa chini. Dugald anamsogelea.

"Umeumia?"

"Sijui bado."

"Kulikuwa na upepo?"

"Hakukuwa na upepo, Dugald. Usinitafutie upepo."

Raundi ya tatu analiinua tu, anasimama nalo bila kupiga hatua, kisha analishusha mwenyewe taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Struan anajaribu kwa nguvu zake zote, naye anashindwa. Majaribio kumi na mawili. Hakuna.

Tormod anakwenda kwenye gari. Anarudi na msumeno, futi ya kupimia na penseli sikioni.

Katibu wa kamati anaitwa Ishbel Tolmie. Ana miaka sabini na mbili, na kwa miaka thelathini alikuwa mpeleka barua wa bonde hili, kila siku kwa gari dogo jekundu. Anamfuata Tormod mpaka ncha nene. Dugald yupo, Struan yupo, Peigi amesogea na chupa ya chai.

Tormod anapiga magoti, goti zuri likitangulia. Anapima inchi sita. Anachora mstari kuzunguka mti. Anaweka meno ya msumeno juu ya mstari, kisha anauondoa.

"Ishbel," anasema. "Kuna jambo kabla sijakata."

"Sema."

"Lile la zamani halikuvunjwa na Sigurd."

Tormod anaendelea, macho yakiwa kwenye mti. Anasema ilikuwa mwaka ule baba yake alipokuwa kitandani, miezi yake ya mwisho. Mchana alikuwa kwenye uzio, na akirudi alimgeuza mgonjwa, akamlisha, akamfulia. Michezo ilipokwisha, wabebaji walikuja kulipeleka gogo kanisani. Alikuwa amechoka. Akawaambia waende nyumbani, atalipeleka kesho.

"Kesho ikawa Aprili," anasema. "Lililala chini majira yote ya baridi. Nikaliokota, nikaliosha, nikalikausha, nikalipaka mafuta likang'aa. Nikaliweka kwenye panda kama halijawahi kutoka. Majira ya joto mawili likakaa vile. Halafu yule mtu wa watu akaja akalirusha."

Anafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Gogo la baba yangu. Ndiyo maana nilikata hili hivi. Nilitaka mtu alipindue likiwa zima, lizidi lile, ili jambo liishe."

Ishbel anaivuta kofia yake ya sufu.

"Tormod, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Nilipita hapa na gari kila siku ya Mungu. Ulipoliondoa gogo uliacha mstari wa nyasi njano, futi ishirini, uwanja mzima ni kijani. Mstari ulikaa mpaka Mei. Kila mtu aliyekwenda dukani aliuona."

"Mimi niliuona nikiwa juu ya paa la kanisa," anasema Struan. "Nilidhani ni mtaro mnachimba. Baba akaniambia nyamaza."

Tormod anamgeukia mkewe.

"Na wewe?"

"Mimi nalala kitanda kimoja na wewe," anasema Peigi. "Kunywa chai."

Anakunywa. Halafu anauliza swali lisilompendeza yeyote pale.

"Kama mlijua, mbona mlimwacha Sigurd aende zake vile?"

Dugald anatazama viatu vyake.

"Tulidhani utamwambia," anasema Ishbel. "Mwaka ukapita, tukaona haya kukuuliza. Mwaka wa pili tukaona haya zaidi. Na hili dubwana ulikuwa umeshalileta, tukasema ngoja kwanza achoke."

"Nimechoka."

"Naona. Basi kata."

Anakata. Mti ni mgumu na unatoa harufu ya utomvu mpya. Watu wanaotazama pembeni hawajui kilichosemwa. Wanaona mzee anakata gogo. Kipande kinadondoka nyasini, mviringo kama jibini. Peigi anakichukua, anakipangusa, anakikumbatia kifuani.

Futi ishirini na inchi sita. Kila mrushaji anapewa nafasi moja. Zimamoto anashindwa, mwanafunzi anashindwa. Dugald anasoma jina la Tormod.

"Liruke jina langu," anasema Tormod.

"Una haki ya kujaribu."

"Haki ninayo. Goti sina."

Struan anajaribu. Gogo linasimama wima kama lilivyofanya kwa Tormod, linasita, linarudi. Watu wanaguna. Tormod anapiga magoti tena, safari hii goti lolote, anapima tena. Struan anamshikia mti usiyumbe.

"Hatua zako za mwisho mbili ni ndefu mno," Tormod anamwambia, msumeno ukienda na kurudi. "Unafika umechoka. Fupisha. Na usitazame ncha."

"Nitazame wapi?"

"Mlango wa kanisa."

"Nikitazama kanisa nitakumbuka paa lao linavuja na bado sijalirudia."

"Vizuri. Hiyo itakupa hasira."

Futi ishirini kamili. Saa kumi kasoro kumi, Struan Geddes analinyanyua gogo, anakimbia hatua tisa, mbili za mwisho zikiwa fupi, anasimama na kusukuma. Ncha nene inapiga chini. Ncha nyembamba inapanda, inafika juu, haisiti. Inavuka. Gogo linaanguka mbele yake kwa kishindo ambacho unakisikia miguuni kabla ya masikioni.

Dugald, aliyekuwa nyuma yake, ananyoosha mkono mmoja.

"Limepinduka. Saa sita na dakika tano, kulia kidogo tu."

Struan haruki wala hapigi kelele. Anakaa chini alipo, anaweka kichwa katikati ya magoti. Zawadi ya kwanza ni paundi tisini, na watu wanaanza kumdai bia kabla hajazipokea.

Tormod anaviringisha msumeno katika kitambaa chenye mafuta, anaufunga kamba. Hautatumika tena kwa gogo hili. Anapopita karibu na Struan anamgusa kichwani.

"Bado linalizidi la baba yangu kwa inchi tatu," anasema.

"Mzee, hata leo unapima?"

"Ni kazi yangu."

Saa kumi na mbili jioni jua bado liko juu, mahema yanashushwa. Safari hii Tormod hakumwambia mtu aende nyumbani. Watu sita wanalibeba gogo mpaka ukutani mwa kanisa na kulilaza juu ya zile panda tatu. Anapitisha kiganja chini yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kuhakikisha hakuna mahali linapogusa ardhi.

Halafu anakaa. Ni mara ya kwanza leo kumwona amekaa kwa hiari. Amekalia kimojawapo cha vile vipande viwili alivyovikata leo. Kingine Peigi amekwishakipeleka nyumbani, anasema kitafaa kuzuia mlango wa jikoni unaopigwa na upepo.

Anasema hatarusha tena. Panda hizi ni za zamani na moja imeanza kulegea, kwa hiyo wiki ijayo, mvua ikimzuia kwenye uzio, atachonga nyingine. Anataka pia kuweka kijipaa cha bati juu yake, kama Struan atampatia mabaki.

Kuna jambo jingine, na hili analisema akiwa ameinama anafungua bandeji.

"Kuna barua ya kuandika. Peigi ameshanunua stempu, ameibandika kwenye bahasha, imebaki karatasi tu. Mimi si mwandishi. Ningepewa nichimbe mashimo mia ningechimba."

Ishbel bado anakumbuka anwani ya Sigurd Linklater. Mtu aliyepeleka barua miaka thelathini hasahau anwani. Pamoja na hayo, ameomba naye aweke mstari mmoja chini, na Dugald mmoja.

"Nitamwambia lile gogo lilikuwa limeoza kabla hajaligusa," anasema Tormod. "Nitamwambia nani aliliozesha. Asipojibu, ni haki yake. Akijibu, nitamwambia aje Agosti, kuna jipya, futi ishirini, limekauka vizuri."

Anaikunja bandeji, anaitia mfukoni. Anajaribu kuinuka, anashindwa, anajaribu tena kwa kuegemea ukuta.

"Akija, watahitajika watu wawili wa kumsimamishia gogo," anasema. "Mmoja ni mimi."